Usiku Chini ya Boriti

Nyumba ya zamani ya Majengo, Pumwani, ina baraza mbele, mlango mzito wa mbao, kisha ukumbi unaonyooka hadi uani. Vyumba vimepangwa kushoto na kulia kwa ukumbi huo, kila kimoja na mlango wake, na uani ndiko kuliko na jiko, choo na kamba za kuanikia nguo. Aliyelelewa humo anazijua sheria zake bila kuandikiwa: asiyejulikana hukomea barazani, mpangaji huishia chumbani kwake, na uani ni kwa wenyewe. Nyumba za aina hiyo zilizobaki ni chache. Zimebanwa na maghorofa, na watu wanaokimbilia Gikomba alfajiri kutafuta mitumba huzipita bila kuzitupia jicho.

Ramani yake ilitoka Pwani. Nairobi ilipokuwa bado mji wa mahema na reli, Waswahili waliofika kama wapagazi, askari, mafundi na wachuuzi walijijengea vijiji vyao: Pangani, Mombasa, Maskini. Serikali ya kikoloni haikuvipenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ilitenga Pumwani iwe makazi ya Waafrika, ikawa inahamishia huko watu wa vijiji ilivyobomoa, na mwishoni mwa miaka ya 1930 Pangani nayo ikaangushwa. Pumwani ilikuwa na jambo moja ambalo mitaa mingine ya Waafrika haikuwa nalo: mtu aliweza kujijengea nyumba yake mwenyewe, ingawa ardhi ilibaki mkononi mwa serikali. Miongoni mwa waliojenga walikuwamo wanawake wengi. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake The Comforts of Home cha 1990, ameeleza kwa kina jinsi wanawake wa Nairobi ya kwanza walivyogeuza fedha walizochuma kwa shida kuwa nyumba za kupangisha, na jinsi nyumba hizo zilivyowapa heshima ambayo mji uliwanyima. Kuta zilikuwa za fito na udongo, paa la madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Umbo lenyewe lilikuwa lile lile la nyumba za Mombasa na za Ng'ambo ya Unguja.

Kwa hiyo mkazi wa Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi uliko Pumwani, anayeteremka Pwani mwezi wa Desemba haendi ugenini. Anakwenda kwenye chimbuko la nyumba aliyoiona utotoni, au ambamo bibi yake alipanga chumba. Tatizo ni kwamba safari nyingi hupangwa kwa namna inayomzuia kuliona hilo. Chama kinachangisha mwaka mzima, pesa zinalipwa kwa hoteli ya ufuoni kaskazini mwa Mombasa, watu wanaogelea, wanapiga picha, wanarudi Umoja, Donholm na Buruburu wakiwa wamelala katika vyumba ambavyo vingeweza kuwa popote duniani. Sura hii inahusu namna nyingine ya kulala Pwani: ndani ya nyumba za mawe zilizojengwa miaka mia, mia mbili, hata mia tatu iliyopita, zikachakaa, kisha zikafufuliwa ili zipokee wageni.

Njia yenyewe ni rahisi kuliko zamani. Tangu Juni 2017 Madaraka Express hutoka Syokimau hadi Miritini mchana mmoja, na mabasi ya usiku bado huwateremsha abiria Mwembe Tayari kabla ya adhana ya alfajiri. Kutoka hapo Mji wa Kale wa Mombasa unafikika kwa miguu. Wageni wengi huishia Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, ambayo Waingereza waliigeuza gereza kuanzia 1895 hadi 1958, na ambayo imekuwa makumbusho tangu 1960. Ni haki yake kutembelewa. Lakini hatua chache nyuma yake kuna Ndia Kuu, na vichochoro vyenye roshani za mbao zinazoning'inia juu ya vichwa vya wapita njia, na baadhi ya nyumba hizo zina vyumba vya kulala wageni. Atakayelala humo hata usiku mmoja ataamka kwa sauti ya muuza kahawa akigonganisha vikombe, na atakula mahamri na mbaazi pamoja na majirani wanaokwenda kazini.

Mombasa, hata hivyo, ni kituo cha kwanza tu. Anayetaka kuielewa nyumba ya mawe ya Waswahili lazima asonge kaskazini. Barabara hupita Gede, penye magofu yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, hupita Malindi, Garsen na Witu, hadi gati la Mokowe. Hapo gari linaachwa na mashua inaanza. Wenye uwezo huruka kutoka Wilson hadi Manda, nao pia humalizia kwa mashua. Lamu haifikiwi kwa gurudumu.

Nyumba za mawe zimejazana mtaa wa Mkomani, upande wa kaskazini wa mji. Kwa nje hazionyeshi kitu: ukuta mrefu mkavu, mlango wa mbao uliochongwa, na mbele ya mlango kibaraza kilichofunikwa kiitwacho daka, chenye viti vya mawe pande mbili. Daka ndilo sebule ya wanaume. Mwanamume mgeni anakaa hapo, anazungumza, anakunywa kahawa, anakwenda zake bila kuona ndani. Mwenye ruhusa anapita njia iliyopindwa makusudi, ili macho ya barabarani yasifike uani, kisha anatokea kwenye ua usio na paa. Kutoka hapo vyumba vimefuatana kimoja nyuma ya kingine: msana, halafu msana mwingine, halafu ndani kabisa, chumba cha mama mwenye nyumba. Kila kimoja kimeinuliwa kidogo kuliko kilichotangulia, na mwanga unapungua kadiri mtu anavyosogea. Mtu wa Majengo ataitambua sheria ile ile ya baraza, ukumbi na uani, ila hapa imejengwa kwa mawe na matajiri.

Ukuta wa chumba cha ndani ndio unaowanyamazisha wageni. Umechongwa zidaka, vishubaka vidogo vya plasta vilivyopangwa safu juu ya safu, ambamo zamani ziliwekwa sahani za kauri kutoka Uchina na vitabu. Plasta hiyo ni chokaa tupu, imesuguliwa hadi ikalainika kama ganda la yai, na mkono ukiipitia unahisi baridi hata saa saba mchana.

Vyumba vyote ni virefu na vyembamba, na sababu yake inaonekana mara mtu anapolala chali na kutazama juu. Dari limebebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko iliyonyooka haiwezi kubeba dari la mawe ikiwa chumba kina upana wa karibu mita tatu au zaidi. Fundi hakuchagua upana wa chumba; msitu ndio uliomchagulia. Boriti hizo hizo zilisafirishwa kwa majahazi hadi Omani, Kuwait na Ghuba nzima, na ndiyo maana nyumba za kale za huko zina vyumba vya upana unaokaribiana na wa Lamu. Kenya ilipiga marufuku kuuza mikoko nje ya nchi mwaka 1982.

Bafuni kuna birika, tangi la maji lililojengwa kwa mawe. Ndani yake huwekwa samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu, na kwenye sakafu ya birika hupachikwa bakuli la kauri ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kukimbilia. Hakuna dawa, hakuna umeme. Na juu, kwa ngazi iliyotengwa na njia ya familia, kuna sabule, chumba cha mgeni. Wafanyabiashara waliokuja na kaskazi walikaa miezi wakisubiri kusi iwarudishe, na tajiri wa Lamu alijenga nyumba yake akijua hilo. Nyumba inayopokea mgeni wa kulipa leo haijabadilishwa kazi. Imerudishiwa sehemu ya kazi yake.

Haikuwa jambo la hakika kwamba zitapona. Kufikia miaka ya 1970 biashara ya majahazi ilikuwa imedhoofika, matajiri wamehama au wamefilisika, na nyumba nyingi za Mkomani zilikuwa zimepoteza paa. Boriti ikioza dari huporomoka, mvua huingia, chokaa huyeyuka, na katika misimu michache ukuta uliosimama karne mbili huwa lundo la matumbawe. Msanifu majengo Usam Ghaidan alizipima na kuzichora nyumba hizo katika miaka hiyo ya 1970. Ngome ya Lamu, iliyokamilika karibu 1821, iliacha kuwa gereza mwaka 1984 na kukabidhiwa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Mwaka 1986 Makumbusho yalitoa mpango wa hifadhi, Planning Lamu, ulioandikwa na Francesco Siravo na Ann Pulver, na mwaka huo huo mji wa kale ukalindwa kisheria. UNESCO iliuorodhesha 2001.

Sheria peke yake haikarabati ukuta. Kazi hiyo ni ya mafundi, na inafaa mgeni aelewe wanachokifanya, kwa sababu humo ndimo nyumba nzuri hutofautiana na iliyopakwa rangi tu. Matumbawe ni ya aina mbili. Ya nchi kavu, magumu na yenye ncha, hujenga ukuta. Yale yaliyokatwa baharini yangali mabichi ni laini, huchongeka kwa shoka, na huwa magumu yakikauka. Hayo ndiyo ya nakshi na matao. Chokaa hupatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya rundo kubwa la magogo, kisha majivu meupe yanayobaki humwagiwa maji na kuachwa yapoe na kukomaa kwa muda mrefu kabla ya kuchanganywa na mchanga. Ni kazi ya subira. Punda hubeba mawe na mchanga kwa sababu vichochoro havipitishi kitu kingine.

Saruji ni ya haraka na inauzwa kila duka, na ndiyo adui. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa taratibu kupitia chokaa. Ukipigwa plasta ya saruji, maji na chumvi hubaki ndani, hutafuta njia, husukuma plasta ianguke vipande vipande, na ncha za boriti zilizozikwa ukutani huanza kuoza bila mtu kuziona. Mgeni anaweza kulijua hilo kwa macho: nyumba iliyokarabatiwa vizuri ina kuta zenye mawimbi kidogo na weupe mkavu, iliyoharakishwa ina kuta zilizonyooka na madoa ya unyevu karibu na sakafu. Kuuliza "mlitumia chokaa au saruji?" ni swali la heshima, na mwenye nyumba aliyefanya kazi nzuri hulijibu kwa furaha, tena kwa kirefu.

Unguja imepita njia ngumu zaidi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi wa Mji Mkongwe walikimbia, majumba yakataifishwa na kugawiwa familia ambazo hazikuwa na fedha za kuyatunza. Mamlaka ya kuuhifadhi mji iliundwa 1985 na UNESCO ikauorodhesha 2000. Katika kipindi hicho wageni wa kulipa walianza kubeba sehemu ya gharama. Mmarekani Emerson Skeens alifungua majumba ya kale kuwa hoteli ndogo zenye vitanda vya Kizanzibari na chakula juu ya paa. Mwaka 1997 jengo la zamani la mawasiliano la Extelcoms lilifunguliwa kuwa hoteli ya Serena baada ya ukarabati wa mfuko wa utamaduni wa Aga Khan, mfuko uliolifufua pia jengo la zahanati la Tharia Topan lenye roshani za kijani kibichi karibu na bandari. Si kila mradi ulikwenda hivyo. Jumba la Mambo Msiige, la karne ya 19, lilipogeuzwa kuwa sehemu ya hoteli ya Park Hyatt iliyofunguliwa 2015, jengo jipya lililoongezwa ubavuni mwake lilizua mvutano na UNESCO kuhusu ukubwa wake na ufuo uliomezwa. Na tarehe 25 Desemba 2020, wakati sehemu ya Beit al-Ajaib, kasri la Sultani Barghash la 1883, ilipoanguka na kuua watu wawili, jumba hilo lilikuwa katikati ya ukarabati. Nyumba kubwa zilizo tupu huanguka hata zikiwa maarufu.

Hapa kuna jambo ambalo vipeperushi vya utalii havilitaji. Nyumba nyingi zilizofufuliwa Lamu, na hasa kijiji cha Shela, zimenunuliwa na wageni kutoka Ulaya. Familia iliyokuwa na gofu la urithi na watoto wa kusomesha iliuza, ikajenga nyumba ya matofali mtaa mpya pembeni mwa mji, na mara nyingine mtoto wa familia hiyo sasa ni mpishi au mlinzi katika nyumba ya babu yake. Wanunuzi wengi walikarabati kwa uangalifu mkubwa, na bila fedha zao baadhi ya nyumba hizo zisingekuwepo. Hata hivyo mji ambao watu wake hawawezi tena kuumiliki haujahifadhiwa. Kilichohifadhiwa ni kuta. Ziko bado nyumba za wageni zinazomilikiwa na kuendeshwa na Waamu wenyewe, kwa kawaida bei yake ni ya chini, na hizo ndizo zinazostahili pesa za chama cha Eastlands kwanza.

Pesa hizo zina uzito zaidi kuliko wanachama wanavyodhani. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, nchi za Magharibi ziliwaonya raia wake, serikali ikaweka kafyu, na Lamu ikawa tupu. Mwaka 2020 korona ikarudia hali hiyo Pwani yote. Nyumba isiyo na mgeni haina fedha za chokaa, na boriti haisubiri msimu mzuri. Mkenya anayekuja bila kungoja tangazo la ubalozi ndiye anayeweza kuliweka paa lisivuje katika miaka kama hiyo.

Kwa kikundi, mambo ni mepesi. Nyumba nyingi za Lamu hukodishwa nzima, pamoja na mpishi, na bei ikigawanywa kwa vichwa hushuka kuliko ya hoteli. Asubuhi mpishi huulizia mnakula nini, hupewa pesa za soko, hurudi na samaki, nazi na mkate wa mofa. Kina mama wa chama wakimzoea humwita jikoni kwake "dada" na kutaka kuona anavyokaanga viungo vya wali. Ni nadra afukuze mtu. Yapo ya kujiandaa nayo. Ngazi ni za mwinuko na hazina mahali pa kushika, kwa hiyo mzee mwenye magoti mabovu aombe chumba cha chini. Maji ya bomba huwa na chumvi. Usiku wa joto watu hulala juu ya paa, chini ya makuti, wakipokea upepo wa bahari, na adhana huwafikia kutoka pande zote. Mji ni wa Kiislamu: nguo za ufuoni zibaki ufuoni, kelele za ngoma zisivuke ukuta, na hakuna anayepiga picha mlangoni pa mtu bila hodi. Mwezi wa Mei mvua za masika hufanya bahari kuchafuka na baadhi ya nyumba hufungwa. Kuanzia Julai hewa ni nzuri na bei bado haijafika ya Desemba.

Anayerudi Eastlands baada ya siku hizo hurudi na macho mengine, na mitaa yetu inahitaji macho hayo sasa hivi. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, kwa sehemu na mikono ya wafungwa wa kivita wa Kiitaliano: nyumba za chini zenye paa la vigae, zikizunguka viwanja vya nyasi, na katikati ukumbi wa jamii ambamo wanasiasa Argwings-Kodhek na Tom Mboya walihutubia Waafrika walionyimwa kumbi nyingine za mji. Kuta zake zinasimama. Kinachovuja ni mabomba na vigae, mambo ambayo fundi wa kawaida wa Burma au Gikomba anayaweza. Nyumba za kaunti za Pangani zilikwisha bomolewa kupisha minara ya ghorofa, na mipango ya kuijenga upya mitaa ya kaunti ya Eastlands imetajwa mara nyingi. Makazi zaidi yanahitajika, hilo halina ubishi. Watu wanaolala wanane chumbani hawawezi kuambiwa wasubiri historia. Lakini hakuna lazima ya kuangusha ukumbi wa Kaloleni ili kujenga ghorofa, kama vile Lamu haikulazimika kuangusha Mkomani ili kupata shule na hospitali. Nyumba chache za Kaloleni, na moja au mbili za Majengo zilizobaki na baraza zake, zingeweza kutengenezwa na kupokea wageni, zikiwa mali ya wakazi, kabla hazijafika kwenye lundo la kifusi.

Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo kuwa la kuhifadhiwa, baada ya kushauriana na Makumbusho. Wakazi wa Kaloleni, Ziwani, Shauri Moyo na Majengo wasingoje tingatinga. Waandike barua, waambatanishe picha na majina ya waliozaliwa humo, wampe nakala mwakilishi wa wadi, na waipeleke wenyewe ofisi za Makumbusho pale Museum Hill.